Siku Kumi Zilizokuwa Ishirini

Jumanne ya tarehe 3 Mei 2011, baada ya swala ya isha, mzee mmoja alipanda ngazi za chumba nilimokuwa nikifundisha hesabu hapa Mayfair, akasimama mlangoni amekumbatia mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mlikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na samansi. Alisubiri niweke kalamu chini ndipo akasema, "Mwalimu, hizi siku zimeniishia. Nimekuja tu unisomee, nijue nimepoteza nini."

Kabla sijasimulia tulivyomjibu, sina budi kueleza alitukuta tukifanya nini, maana bila somo la usiku ule ningemsomea karatasi yake, nikampa pole, nikamwacha ateremke ngazi.

Mayfair iko magharibi ya katikati ya Johannesburg, ubavuni mwa Fordsburg. Zamani palikuwa mtaa wa Wazungu wafanyakazi. Familia za Kihindi zikaanza kuhamia wakati sheria ya 1950 ya kugawa makazi kwa rangi bado ina nguvu, na baada ya 1994 wakaja Wasomali, Waethiopia na sisi wengine. Ukitembea 8th Avenue leo utasikia Kisomali kabla hujasikia Kiingereza. Lakini Kiswahili nacho kina kiti chake. Msomali aliyekulia Eastleigh ya Nairobi, kijana wa Bukavu na dada wa Tanga wakikutana hapa, hiyo ndiyo lugha wanayoshikana nayo mikono.

Na ndio hao hasa niliokuwa nao darasani: vijana wawili wa Eastleigh, kijana wa Bukavu na dada wa Tanga aliyeuza mapazia. Mchana nilikuwa karani wa stoo. Jioni nilirudia kazi niliyoiacha Mombasa, ualimu. Wote wanne walitaka kuingia shule ya biashara, na mlangoni mwa shule hizo palikuwa na mtihani uitwao GMAT. Sehemu ya hesabu wakati huo ilikuwa na maswali 37 kwa dakika 75, yaani dakika mbili kwa swali na chenji kidogo. Baadhi ya maswali hayo yalikuwa ya namna ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kukutana nayo shuleni kwetu. Hayakuulizi jibu. Yanakuuliza kama ulichopewa kinatosha kulipata jibu.

Unapewa swali na taarifa mbili, kisha unachagua moja kati ya kauli tano: ya kwanza peke yake yatosha, ya pili peke yake yatosha, zinatosha zikiwa pamoja tu, kila moja peke yake yatosha, au hata zikiwa pamoja hazitoshi. Basi. Ukishajua kwamba zinatosha, kazi imekwisha, hata kama jibu lenyewe hujalipata. Mwaka 2023 mtihani huo ulipangwa upya, maswali haya yakahamishiwa sehemu ya kusoma takwimu, lakini kauli tano ni zile zile.

Wanafunzi wangu waliyachukia. Kijana wa Bukavu alikuwa na kasi ya ajabu ya kukokotoa, na kuambiwa usikokotoe kwake kulikuwa kama kuambiwa uogelee bila kulowa. Nilimwelewesha kwa kumteremsha chini. Chumba chetu kilikuwa juu ya duka la fundi cherehani. Mteja akileta kitambaa, fundi hagusi mkasi. Hukitandaza mezani, hukikunja mara mbili, hupitisha futi iliyoning'inia shingoni, hutia alama moja au mbili za chaki, kisha hutamka neno moja: "Chatosha." Au: "Hakitoshi, mama, ongeza nusu mita." Kanzu haijashonwa, hata uzi haujapita tundu la sindano, lakini fundi ameshajua. Kijana alisimama pale robo saa akitazama. Tangu siku hiyo darasa likayaita maswali hayo "chatosha".

Magumu kuliko yote yalikuwa ya siku na muda, kwa sababu ndiyo yanayoonekana mepesi. Kila mtu anadhani anajua kuhesabu siku. Chukua hili nililowatungia: msafiri aliondoka Mombasa Jumatatu, je, alifika Johannesburg siku gani ya juma? Taarifa ya kwanza: safari haikufika siku 20. Taarifa ya pili: safari ilichukua majuma kamili, bila siku kupungua wala kuzidi. Wengi huzichanganya zote mbili, wakaanza kuorodhesha: siku saba, siku kumi na nne. Kumbe taarifa ya pili peke yake yatosha. Majuma yawe mawili au yawe mia, aliyeondoka Jumatatu amefika Jumatatu. Siku za juma hurudi kila baada ya saba kama mshale wa saa unavyorudi pale pale, kwa hiyo kinachokuhusu ni masazo tu. Siku 100 baada ya Jumanne ni Alhamisi, maana 98 ni majuma kumi na manne na zinabaki mbili.

Usiku ule wa tarehe 3 Mei tulikuwa kwenye swali jingine. Je, mwezi huu una Ijumaa tano? Taarifa ya kwanza: mwezi una siku 31. Taarifa ya pili: Ijumaa ya kwanza ni tarehe 2.

Ya kwanza waliitupa haraka, na walikuwa sahihi. Mwezi wa siku 31 ni majuma manne na siku tatu juu, basi ni siku tatu tu za juma zitakazojirudia mara tano, na Ijumaa huenda ikawa mojawapo, huenda isiwe. Ya pili wakaipokea kwa shangwe. Tarehe 2, 9, 16, 23, 30. Tano! Yatosha!

Dada wa Tanga peke yake hakuinua mkono. Alilipwa kila Ijumaa, na kodi ya chumba aliilipa kila mwezi, kwa hiyo Ijumaa tano kwake zilikuwa na uzito ambao mtihani haukuujua. Mwezi wenye Ijumaa tano, alituambia, ndio mwezi anaoweza kutuma kitu nyumbani. Aliutazama ubao kwa muda, akauliza, "Na Februari?"

Kimya. Februari haifiki tarehe 30. Hakuna aliyeambiwa kwamba mwezi wenyewe si Februari, tulijiambia wenyewe. Taarifa ya pili peke yake haitoshi. Zinatosha zikiwa pamoja. "Februari ndio mwezi ninaodaiwa," akasema, tukacheka. Tulikuwa bado tunacheka mzee alipotokea mlangoni.

Nilimjua kwa sura. Alikuwa na duka katika kitongoji kimoja nje ya mji mpaka vurugu za Mei 2008, zile zilizoanzia Alexandra zikaua watu 62 nchini. Duka likabebwa, yeye akahamia Mayfair, akaanza tena na chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Vijana wa Eastleigh walimwita Abti, yaani mjomba, kwa Kisomali chao. Mimi nilimwita Mzee. Sasa mwenye nyumba alikuwa amemshtaki kwa malimbikizo ya kodi. Samansi ilisema kwamba kama anataka kujitetea, awasilishe taarifa yake mahakamani ndani ya siku 10 tangu kuipokea.

"Ulipokea lini, Mzee?"

"Jumanne. Ile ya kabla ya Pasaka."

Kalenda ya ukutani ikatupa tarehe: 19 Aprili. Alikunjua mkono wa kushoto, akahesabu kwa kidole gumba juu ya pingili za vidole, pingili tatu kila kidole. Jumanne moja, Jumatano mbili, Alhamisi tatu. Pingili ya kumi ikaangukia Alhamisi ya tarehe 28. Leo ni tarehe 3. "Siku tano zimepita juu yangu," akasema.

Kijana wa Bukavu hakuweza kujizuia. "Hapana, Mzee. Kumi na tisa jumlisha kumi ni ishirini na tisa. Ni Ijumaa."

Hata hivyo angekuwa amechelewa, kwa hiyo marekebisho yale hayakumfaa kitu. Lakini mimi yalinishtua. Nikafuta Ijumaa zetu tano, nikaandika ubaoni: siku ya mwisho ni lini? Taarifa ya kwanza: samansi ilipokelewa Jumanne, 19 Aprili. Taarifa ya pili: muda ni siku 10. Watu wawili wenye akili timamu, taarifa zile zile, majibu mawili. Taarifa zikizaa majibu mawili ya haki, hazitoshi. Kuna kitu hatukuambiwa, tukajiambia wenyewe. Februari imerudi.

Nilijua mzee alikosolewa kwa jambo ambalo si kosa. Bibi yangu Mombasa alihesabu vivyo hivyo. Mtu akizikwa leo, leo ndiyo siku ya kwanza, na kisomo cha siku ya tatu husomwa keshokutwa. Hata ngazi yetu ya maneno, leo, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo, humweka mtu aliyesimama kwenye leo kama kidato cha kwanza. Aliyelelewa hivyo akiambiwa siku kumi, siku aliyoipokea karatasi imo ndani.

Nilimpigia simu mwanasheria mmoja kijana aliyekuwa akiwasaidia watu wa mtaa wetu bila malipo. Niliomba radhi kwa usiku, nikamsomea samansi. Hakuniuliza deni ni kiasi gani wala nani ana haki. Aliuliza maswali mawili: aliipokea siku gani, na hati imetoka mahakama ipi? Nilipomjibu akacheka kidogo, akasema, "Basi mwambie akae, anywe chai."

Alinieleza mambo mawili ambayo tangu siku ile sijayasahau. La kwanza, sheria ya tafsiri ya nchi hii, namba 33 ya mwaka 1957, inasema siku zikihesabiwa, ya kwanza haimo na ya mwisho imo. La pili, siku za mahakama si siku za kalenda: kwa kanuni za mahakama ya hakimu, Jumamosi, Jumapili na sikukuu za serikali haziingii katika hesabu. Sheria ya 1957 ikisimama peke yake hutoa Jumapili na sikukuu tu, na hata hizo ni pale siku ya mwisho inapoangukia mojawapo. Ndani ya nchi moja, kwa hiyo, neno "siku" lina maana zaidi ya moja, na karatasi haikuambii ni ipi. Ni wewe unayepaswa kuuliza.

Nikageukia ubao, tukahesabu wote kwa sauti, mzee na pingili zake. Jumanne 19 haimo. Jumatano tarehe 20, moja. Alhamisi, mbili. Tarehe 22 ni Ijumaa Kuu, ruka. Jumamosi na Jumapili, ruka. Jumatatu tarehe 25, Siku ya Familia, ruka. Jumanne tarehe 26, tatu. Jumatano tarehe 27, Siku ya Uhuru, ruka. Alhamisi nne, Ijumaa tano. Jumamosi, ruka. Mei Mosi mwaka ule iliangukia Jumapili, na sheria ya sikukuu hapa husema sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake nayo ni mapumziko. Ruka zote mbili. Jumanne tarehe 3, leo, sita.

"Sita?" mzee akauliza, kidole gumba kimeganda juu ya pingili.

Sita. Jumatano saba, Alhamisi nane, Ijumaa tisa, Jumatatu ya tarehe 9 Mei, kumi. Siku kumi zilikuwa zimetanuka zikawa ishirini kamili za kalenda. Mtu aliyeamini amekufa juzi alikuwa na siku nne za kazi mbele yake.

Alhamisi alikwenda na mwanasheria, taarifa yake ikagongwa mhuri. Sitaki kuikuza hadithi kuliko ilivyokuwa: deni lilibaki deni, na mwishoni alikubaliana na mwenye nyumba kulilipa kidogo kidogo. Lakini alikubaliana akiwa amesimama, duka likiwa wazi.

Kilichonikaa kichwani ni zile wiki mbili alizozibeba peke yake. Hakuwa mvivu wala mjinga, maana hesabu yake ya pingili haikuwa na kosa hata moja. Alikosea mahali pamoja, pale kabla ya pingili ya kwanza, ambapo hakuna anayedhani pana swali. Nikaona nimekuwa nikifundisha nusu ya somo. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi kwamba ubingwa wa maswali haya ni kutambua pale taarifa zinapotosha ili usipoteze dakika. Upande wa pili ni mzito zaidi: kutambua pale ambapo wewe mwenyewe umetia taarifa ambayo hukupewa, na hukujisikia ukiitia.

Lugha yetu imejaa mitego ya aina hiyo, na sisi tuliozaliwa ndani yake ndio tusioiona. Siku moja niliwauliza: siku ya tano ya juma ni ipi? Dada wa Tanga akasema Jumatano, jina lenyewe lasema tano. Kijana mmoja wa Eastleigh, aliyesoma madrasa, akasema Alhamisi, kwa sababu kwa Kiarabu hilo nalo ni tano. Kijana wa Bukavu akasema Ijumaa, maana juma la kazi huanza Jumatatu. Mmoja amehesabu tangu Jumamosi, mwingine tangu Jumapili, wa tatu tangu Jumatatu. Juma la Kiswahili limebeba tano mbili zinazofuatana, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, na tunaishi nazo bila kugombana, mpaka siku mtu anapotutaka tuhesabu.

Mimi mwenyewe sikusalimika. Nilipofika huku nilimwahidi mama kumpigia simu kila Jumapili saa mbili usiku. Saa za Kiswahili na za Kizungu nilikuwa macho nazo. Najua mbili yetu ni nane yao. Lakini Afrika Kusini iko nyuma ya Kenya kwa saa moja. Saa mbili yangu ilikuwa saa tatu yake, na mama hulala mapema. Mara tatu nilimkuta na sauti ya usingizi, na mara ya tatu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huko Kusini saa hazitembei?" Yeye alijua saa ni ya kwake, nami nilijua ni ya kwangu, na hakuna aliyeona haja ya kulisema.

Wako waliolitambua jambo hili zamani kuliko watunga mitihani. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani hakuna mtu Mayfair anayejua kama kesho ni Idi. Fundi wetu ana kanzu kumi hazijatiwa vifungo, wauza sambusa hawajui wakande unga kiasi gani, watoto wanapanda juu ya mapaa wakitazama magharibi. Taarifa hazitoshi, na hakuna anayeona aibu kusema hivyo. Mwezi ukiandama, tumefungua. Usipoonekana, kwa wingu au kwa vyovyote, watu wanatimiza thelathini. Hicho ndicho ninachokipenda: kanuni haikuishia kwenye kukiri kwamba hatujui, imesema pia tufanye nini tukiwa hatujui. Mtihani hauna hilo. Kwenye mtihani ukishasema "hazitoshi" unapata alama unasonga mbele. Nje ya mtihani, hapo ndipo kazi inapoanza: unampigia nani simu, unauliza nini, na unakaa vipi mpaka jibu lije.

Kati ya wale wanne, wawili waliingia shule ya biashara, mmoja alirudi Nairobi, na dada wa Tanga alifungua duka lake mwenyewe la mapazia. Nasikia mishahara anailipa kwa mwezi, maana Ijumaa zimemtesa vya kutosha. Mimi bado nafundisha, na kila darasa jipya hulianzia kwa fundi.

Mwaka ule ule, Ramadhani ikikaribia ukingoni, nilimkuta mzee pale chini ameleta kitambaa cheupe. Fundi alikitandaza, akakikunja, akapitisha futi. "Chatosha, Mzee. Kanzu utaipata baada ya siku tatu."

Mzee hakuondoka. Alikunjua mkono wa kushoto, akaweka kidole gumba juu ya pingili ya kwanza, akamtazama fundi usoni.

"Leo imo," akauliza, "au haimo?"